Kompyuta Kuukuu ya Marehemu Mwalimu

Wengi wetu siku hizi tunayo kompyuta nyumbani au shuleni, nayo mara nyingi ni kuukuu, imekwisha kupita katika mikono ya watu wawili watatu kabla ya kufika kwetu. Tukiambiwa, «Wekeni akiba ya vitu vyenu», tunachukua fleshi, tunanakili barua, picha za arusi na alama za wanafunzi, kisha tunalala usingizi mzuri. Jambo hilo ni jema, wala silidharau. Walakini si kila mara linatosha. Nataka kuwapa leo habari ya mashini moja ambayo kunakili mafaili yake peke yake kungalikuwa sawa na kuokoa mbegu na kuacha shamba liende na maji.

Mashini hiyo ilikuwa mali ya mzee aliyenifundisha kusoma na kuandika. Alipopumzika kazi ya shule alishika kazi nyingine, ambayo aliianza zamani kwa mashini ya kupiga chapa: kukusanya maneno ya Mashi, lugha ya wazee wetu wa Bukavu na milima yake, pamoja na methali, majina ya majani ya dawa, ya ndege, na ya sehemu zote za nyumba ya kale, tangu nguzo ya kati hata kizingiti. Alifariki kabla ya kuimaliza. Mjane wake, ambaye sisi sote twamwita Mama Mwalimu, aliitunza kompyuta kabatini, akiifunika kitambaa. Kila mwezi aliiwasha apate kuona kama bado yaenda.

Siku moja alikuja kwangu baada ya masomo, akaiweka juu ya meza.

«Mwanangu,» alisema, «tangu juma lililopita inalia ndani kama panzi. Fundi amesema tuifute yote, atie kitu kipya, itakuwa nzuri kama ya dukani. Mimi nikamwambia, ngoja kwanza. Kazi ya baba yenu imo humo.»

Mama huyo hajui neno moja la ufundi wa kompyuta, lakini aliona sawa kuliko fundi. Sauti ile ya panzi ilikuwa sauti ya diski inayokaribia kufa. Ndani ya kompyuta za namna hiyo mna sahani zinazozunguka mara 5400 kwa dakika moja, na juu yake kidole cha chuma kinachosoma pasipo kuzigusa, kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Kidole kile kikianza kurudi nyuma na kujaribu tena na tena, utasikia mlio. Kumtia mfumo mpya mgonjwa wa namna hiyo ni kumvalisha maiti nguo safi.

Lakini kwa nini nisinakili tu mafaili ya kamusi, nikayafungue katika kompyuta mpya ya shule? Hapo ndipo penye kiini cha habari hii, nami naomba wanafunzi wanisikilize vizuri.

Faili peke yake haliwezi kusema neno. Lahitaji programu ya kulisoma, na programu yahitaji mfumo wa uendeshaji, yaani ile kazi ya chini kabisa inayoamka kwanza tunapowasha mashini, inayojua kibodi iko wapi, kioo kiko wapi, na diski inasomwa namna gani. Marehemu alitumia programu ya kamusi ya biti 16, iliyotungwa wakati wa Windows 3.1, mfumo uliotoka mwaka 1992. Tena, kwa kuwa Mashi yataka alama za sauti ya juu na sauti ndefu, nayo programu ile haikuwa nazo, rafiki yake mmoja alimtengenezea herufi zake mwenyewe: mahali pa alama fulani zisizotumika pakawekwa irabu yenye alama. Nilijaribu faili moja katika kompyuta ya shule. Mahali pa irabu palitokea alama za fedha, mabano na vijidudu vingine vya ajabu. Kwa mtu asiyejua, ungesema ni maandishi ya mlevi.

Kompyuta ya marehemu ilikuwa na Windows 7 ya biti 32, nayo bado yajua kuendesha programu za biti 16. Mifumo ya biti 64 haijui tena kazi hiyo. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, ni ya biti 64 tu. Basi mtu akinunua kompyuta mpya leo, programu ya mzee wetu haitafunguka ndani yake hata kidogo. Diski ya kupandikizia programu hiyo ilikwisha kupotea zamani. Kwa hiyo yale maneno elfu kadhaa yalikuwa yanasomeka mahali pamoja tu duniani: katika mashini ile inayolia kama panzi.

Ndiyo maana ilitupasa kuhifadhi mashini nzima jinsi ilivyo, mfumo wake, programu zake, herufi zake, hata picha ya nyuma ya kioo, ambayo ilikuwa mlima wa kwao. Nakala ya namna hiyo huitwa picha ya diski. Si rundo la mafaili yaliyochaguliwa, bali ni diski yote, pamoja na ile sehemu ndogo ya mwanzo ambayo mtumiaji haioni, lakini pasipo hiyo mashini haiwaki.

Nitasema sasa kwa kifupi juu ya wale wenye kompyuta kuukuu ambayo bado ni nzima. Wao kazi yao ni nyepesi. Ndani ya Windows 7 mwenyewe mna chombo cha kufanya picha ya mfumo na cha kuchoma diski ya matengenezo, nacho hakikuondolewa katika Windows 10. Diski ya nje itakayopokea picha hiyo lazima iwe imepangwa kwa namna iitwayo NTFS, na folda itakayotokea, jina lake WindowsImageBackup, isibadilishwe jina, maana siku ya kurejesha, chombo kitatafuta jina lile lile, na wasipolikuta kitasema hakuna nakala. Wengi hutegemea sehemu ya siri ambayo kiwanda kiliiweka ndani ya diski ya kompyuta kwa kuirudisha hali ya siku ya kununuliwa. Sehemu hiyo yafaa, lakini imo katika diski ile ile. Diski ikifa, nayo imekufa. Tena yarudisha mashini tupu ya dukani, siyo mashini yako.

Kwetu sisi njia hiyo haikufaa, kwa sababu chombo cha Windows kikikuta mahali pasiposomeka hukata tamaa na kuacha kazi. Nikachagua Clonezilla, programu ya bure iliyotungwa Taiwan, ambayo yakaa katika fleshi ndogo na kuwaka yenyewe pasipo kuugusa mfumo wa Windows. Ina namna ya kuokoa: ikifika mahali palipoharibika huandika utupu na kusonga mbele.

Lakini kabla ya picha, jambo la kwanza lilikuwa kuchukua kamusi yenyewe. Diski inayokufa haina ahadi ya kesho. Nikaondoa folda ya marehemu, peke yake, nikaitia katika diski ya nje. Mafaili yalikuwa madogo, yote pamoja hayakufika megabaiti 40, lakini kazi ilichukua karibu saa nzima, kwa maana mara kwa mara mashini ilinyamaza, ikalia, ikafikiri, ndipo ikaendelea. Mama Mwalimu alikaa kando akishika rozari yake. Faili moja halikukubali. Lilikuwa la methali. Nilijaribu mara tatu, nikaacha, kwa kuwa kila jaribio ni kama kumkimbiza mgonjwa mlimani.

Ndipo nikaizima mashini kabisa. Naomba mlishike neno hilo, maana kufunga kifuniko tu hakuzimi: mfumo hulala ukiwa umeshika vitu mkononi, na picha inayopigwa wakati huo huweza kuwa na kasoro. Betri yake ilikuwa imekufa kitambo, na umeme wa mtaa wetu huja na kwenda kama mgeni asiyeaga. Tukaenda kwa jirani mwenye sahani za jua na betri kubwa. Katika kupiga picha, umeme ukikatika si balaa kubwa, maana diski ya zamani inasomwa tu, haiandikwi, utaanza upya. Lakini kwa diski dhaifu kuanza upya ni gharama.

Kuna jambo moja ambalo limewaliza watu wengi. Programu hizi huita diski kwa majina makavu, sda, sdb, sdc, nazo zauliza ipi ni ya kusomwa na ipi ni ya kuandikwa. Ukizigeuza, diski tupu itaandikwa juu ya diski yenye mali, wala hakuna wa kukurudishia. Kwa hiyo mimi huandika kwanza katika karatasi ukubwa wa kila diski na jina la kiwanda chake, kisha nalinganisha na kioo kwa kidole, herufi kwa herufi. Programu huuliza mara mbili kama una hakika. Watu hujibu ndiyo pasipo kusoma, kama wanafunzi wanaojibu «Ndiyo, Mwalimu» hali wanatazama dirishani.

Picha ilichukua saa nne na nusu. Diski ilikuwa ya gigabaiti 250, lakini zilizotumika ni kama 60 tu, na programu haichukui nafasi tupu, tena hubana kile inachochukua. Tukapata folda ya gigabaiti 34. Mwishoni Clonezilla hujikagua kama picha yaweza kurejeshwa. Ikasema ndiyo.

Mama Mwalimu akauliza, «Basi imekwisha?»

«Bado, Mama,» nilijibu. «Tumeandika barua, hatujajua kama inasomeka.»

Kuna habari inayojulikana ya mwaka 1998, huko Marekani. Watu wa nyumba ya filamu Pixar walikuwa wakitengeneza Toy Story 2, ambayo watoto wengi wameiona. Siku moja amri ya kufuta ilipigwa mahali pasipostahili, na sehemu kubwa ya kazi ikatoweka mbele ya macho yao. Wakaenda kwenye nakala za akiba. Kumbe, zilikuwa na kasoro, wala hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amejaribu kuzirejesha. Filamu iliokoka kwa sababu mama mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa na mtoto mchanga, alipewa nafasi ya kufanyia kazi nyumbani, na huko alikuwa na nakala. Nyumba kubwa yenye mafundi wengi ikaokolewa na kompyuta ya mama mzazi! Tangu niliposoma habari hiyo, picha isiyojaribiwa siihesabu kuwa nakala.

Lakini kujaribu kurejesha juu ya diski ya asili, hiyo ni hatari kupita zote. Ukirejesha, kila kilichokuwamo hufutwa. Na kama picha ni mbovu, umebaki mikono mitupu. Yafaa kutoa diski ya zamani, kuiweka salama, na kurejesha juu ya diski nyingine. Kwa kompyuta za miaka ile si kazi ngumu: skrubu mbili tatu za chini, kifuniko, diski yavutwa kama droo.

Nikaenda sokoni Kadutu kutafuta diski. Muuzaji, kijana mwema, alinipa ya namna mpya isiyozunguka, ya gigabaiti 240. «Mwalimu, hii ni ya kisasa, na mashini yako ina vitu 60 tu, itabaki nafasi tele.» Hesabu yake ilikuwa nzuri, ila picha ya diski yakumbuka mipaka ya diski ya asili, siyo vitu vilivyomo tu. Picha iliyotoka katika diski ya 250 yataka diski ya 250 au zaidi. Ikipewa ya 240 hukataa, labda mtu ajue kupunguza sehemu kwanza, nayo ni kazi ya kutofanywa juu ya diski mgonjwa. Nikachukua ya 256. Hiyo tofauti ndogo wengi wameijua baada ya kulipa.

Kurejesha kulichukua dakika 40. Nikatoa fleshi, nikawasha. Kioo kikawa cheusi kwa muda ambao niliuona mrefu, kisha zikatokea rangi nne za Windows, na nyuma yake ule mlima. Mama Mwalimu alipiga vigelegele hata jirani akatoka nje kuuliza kumetokea nini.

Mfumo ulikuwa na majeraha machache. Niliamuru ukaguzi wa diski, ukaziba nyufa za hesabu ya mafaili. Nikaamuru na ukaguzi wa mafaili ya mfumo wenyewe, nao ukarudisha mawili yaliyoharibika. Picha kadhaa za arusi ya binti yao zina mstari wa kijivu katikati. Programu ya kamusi ilifunguka, na irabu zilivaa alama zake sawasawa. Leseni ya Windows haikulalamika, maana mashini ilibaki ile ile, ni diski tu iliyobadilishwa.

Fundi wa kwanza aliposikia alicheka. «Mwalimu, umehangaika kwa ajili ya Windows 7? Mfumo huo umekwisha.» Yeye naye ana haki, kwa upande mmoja. Tangu tarehe 14 Januari 2020 Microsoft haitoi tena dawa za usalama kwa Windows 7 za watu wa kawaida, na Windows 10 nayo imefuata njia hiyo tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini ya namna hiyo isipelekwe katika intaneti, wala isichomekwe fleshi ya kila mpita njia. Ya Mama Mwalimu nimeifungia mlango wa intaneti kabisa. Mwenye kompyuta kuukuu anayetaka kuandika barua na kusoma habari tu, huyo na apandikize mfumo wa bure wa Linux, kama Linux Mint au Debian, utamfaa kwa miaka. Lakini hata yeye, kabla ya kufuta, apige picha ya ule wa zamani na kuiweka. Gigabaiti 34 hazili chakula.

Picha yetu sasa ipo mara mbili. Diski moja iko kwa Mama, na ya pili iko kwa kaka yake ng'ambo ya mji, katika kopo la bati pamoja na hati za shamba. Maana moto na mwizi hawachagui faili. Diski ya zamani tumeifunga katika karatasi, haitumiki.

Lakini hatuwezi kutunza mashini hii milele. Kazi iliyobaki ni kuhamisha maneno kutoka katika herufi zile za kubuni kuyatia katika Unicode, hesabu ya herufi ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991 na ambayo kompyuta zote za leo zaijua. Nimetunga jedwali: alama hii ya fedha ni irabu hii yenye sauti ya juu, mabano haya ni irabu ile ndefu. Mwanafunzi wangu mmoja hubadilisha ukurasa katika kompyuta ya shule, na Mama Mwalimu, miwani puani, hulinganisha na kioo cha mashini ya marehemu, akisoma kwa sauti.

Lile faili la methali tulilikuta ndani ya picha, likiwa na tundu katikati. Tulihesabu namba za pembeni: methali 31 hazipo. Mama aliomba asomewe ile ya kabla ya tundu na ile ya baada yake, akafumba macho kidogo. «Andikeni,» alisema, akaanza kuzitaja. Hata sasa amefikisha 22, na nyingine sita ambazo, asema, marehemu alizikataa kwa sababu zilisifu wanawake mno.

Juma lililopita walifika herufi N, wakasimama hapo siku mbili. Marehemu alikuwa mtu wa Kabare, naye Mama ni mzaliwa wa Ngweshe, na kuna neno moja ambalo alama yake ya sauti hawezi kuikubali. Mwanafunzi ameniuliza aandike lipi. Nimemwambia aandike yote mawili, la marehemu kwanza.